Mama Buluu na Sukari ya Pili

Mama mkubwa wangu ni mkubwa kwa dakika ishirini tu. Alitangulia yeye, mama yangu akafuata, na mpaka leo mama akishindwa hoja hudai kwamba siku ile alizibiwa mlango. Sura yao moja, sauti moja, hata kikohozi kimoja. Tofauti iko mikononi: mama anatumia kulia, mama mkubwa ni mashoto. Nilipokuwa mdogo, nikitaka kujua nimekamatwa na nani kati yao, nilisubiri tu kofi litokee upande gani.

Mama ni fundi cherehani. Mama mkubwa alikuwa mpimaji wa maabara, miaka thelathini na mmoja katika hospitali moja, chumba kimoja, dirisha moja linalotazama ua wa kuanikia mashuka. Nasema mpimaji, si daktari, maana yeye mwenyewe hapendi kupandishwa cheo na majirani. Shule ilimwishia njiani baba yao alipopooza. Akaingia hospitalini kuosha vyombo vya kioo, na huenda angezeekea kwenye sinki kama mkuu wa maabara wa wakati ule hangemkuta siku moja anasoma lebo za chupa badala ya kuzipangusa. Mzee huyo walimwita Bwana Mizani, kwa sababu alipima kila kitu, hata maneno.

"Unaelewa unachosoma?" akamuuliza.

"Sielewi. Ndiyo maana narudia."

Jibu lile lilimwingia Bwana Mizani. Alimfundisha kazi, akampigania mpaka akapelekwa chuo, na somo la kwanza kabisa alilompa lilikuwa dawa ya buluu ya kupimia sukari. Inatengenezwa kwa mrututu, yaani chumvi ya buluu ya shaba, pamoja na magadi na chumvi ya asidi ya limau. Unaitia kwenye neli ya kioo, unaongeza matone manane ya mkojo, unatumbukiza neli kwenye maji yanayochemka, unasubiri dakika tano. Kama hakuna sukari, buluu inabaki buluu. Kama ipo, rangi inageuka kijani, kisha manjano, kisha chungwa, na ikizidi sana inakuwa nyekundu kama tofali.

Baadaye vikaja vijiti vya kuchovya. Unachovya, unahesabu sekunde, unasoma rangi, umemaliza. Wenzake wote wakahamia kwenye vijiti, naye pia akavitumia, lakini ile dawa hakuiacha. Kila mkojo wa mtoto mchanga ulioingia chumbani mle aliupima mara mbili, kwa kijiti na kwa kuchemsha, ingawa hakuna aliyemwagiza. Vidole vyake vikawa na madoa ya buluu yasiyotoka, na jina likamganda: Mama Buluu.

"Mama Buluu, wenzako tunachovya, wewe bado unapika tu!" walimtania.

"Chovyeni. Mimi siachi mbachao kwa msala upitao."

Sababu anayo, na ukikaa naye atakueleza utake usitake. Kwenye ncha ya kijiti kuna kimeng'enya. Kimeng'enya ni protini, yaani mnyororo mrefu wa asidi amino uliojikunja na kujisokota mpaka ukapata umbo lake, na katika umbo hilo kuna kishimo ambamo kitu kimoja tu kinakaa sawasawa. Kimeng'enya cha kijiti kinapokea glukosi, ile sukari ya kwenye damu. Sukari nyingine ikipita pale, hakina habari nayo. Dawa ya buluu haina ubaguzi wa namna hiyo. Sukari nyingi zikichemka nayo, glukosi au si glukosi, zinaigeuza.

Kwa miaka mingi tofauti hiyo ilibaki maneno tu. Kisha ikaja Jumanne moja asubuhi.

Uliletwa mkojo wa mtoto wa kike wa siku tisa. Fomu ilisema anatapika, macho na ngozi vimekuwa vya manjano, uzito unashuka, anahisiwa kuwa na maambukizi ya damu. Mama mkubwa alichovya kijiti. Sukari hakuna. Akaandika, akawasha jiko, akatia matone manane kwenye dawa yake. Dakika ya pili haijaisha, neli ilikuwa nyekundu.

Fikra yake ya kwanza ilikuwa kwamba neli ilikuwa chafu. Akachukua mpya tatu. Katika ya kwanza akatia maji matupu, katika ya pili mkojo wa mtoto mwingine, katika ya tatu mkojo ule ule. Mbili zikabaki buluu. Ya tatu ikawa tofali. Akainua simu kumwita daktari wa watoto.

Daktari alikuwa kijana, mwenye adabu na haraka nyingi. Alifika akiwa bado na kalamu mdomoni.

"Kijiti kinasemaje, mama?"

"Kinasema hakuna glukosi."

"Basi hakuna sukari."

"Hakuna glukosi, Daktari. Sukari ipo."

Akaitazama neli kwa mwanga wa dirisha. "Nimemwanzishia dawa za maambukizi. Baadhi ya dawa hizo zinaweza kuigeuza rangi hii."

"Kweli zinaweza. Lakini mkojo huu ulikingwa mapokezi saa mbili na dakika kumi. Fomu yako inasema sindano ya kwanza ni saa tatu na nusu."

Daktari akaitoa kalamu mdomoni. Akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, "Ananyonya?"

"Nimemuuliza muuguzi. Ananyonya, anatapika, ananyonya tena."

"Galaktosi," akasema daktari.

"Mimi pia nimewaza hivyo."

Daktari alikuwa ameusoma chuoni ugonjwa huo wa mwili kushindwa kutumia sukari ya maziwa, ukurasa mmoja, na hakuwahi kumwona mwenye nao. Kipimo cha kuuthibitisha kilifanyika katika maabara kubwa ya mji mwingine, na majibu yake yalichukua wiki tatu. Wiki tatu mtoto yule hakuwa nazo. Wakakubaliana: damu ipelekwe, maziwa yasimame mara moja, awekewe dripu, na kesho yake mkojo upimwe upya. Kama buluu itabaki buluu baada ya siku moja bila maziwa, watakuwa wamepata njia.

Daktari akapanda wodini, akawaeleza wazazi akiwa amesimama, kwa sentensi tatu. Maziwa yanamdhuru mtoto. Usimnyonyeshe tena. Tutamtafutia ya soya. Halafu akaitwa chumba cha upasuaji, akaondoka mbio. Hakuwa mtu mbaya, lakini hakujua ameyadondosha maneno hayo mahali gani.

Alasiri mama mkubwa alipanda mwenyewe kufuata sampuli nyingine. Karibu na dirisha alikuwapo mama mzazi, mwanamke wa miaka ishirini na mitano hivi, amejikunyata kwenye kiti, kifua cha gauni kimelowa maziwa. Mumewe, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache, alisimama nyuma yake na kofia mkononi. Mama mkwe alikaa upande wa pili wa kitanda na alikuwa anazungumza.

"Nilisema mimi. Wa kwanza nilisema, mkasema mama ana maneno. Maziwa yake mabaya. Haya, leo daktari mwenyewe kasema."

Muuguzi alimvuta mama mkubwa pembeni. Mtoto wa kwanza wa wale watu, wa kiume, alifariki akiwa na wiki mbili, katika wodi ile ile, miaka miwili iliyopita. Tangu hapo huyo mama mkwe alikuwa na wimbo mmoja.

Kazi ya mpimaji si kuzungumza na wagonjwa. Mama mkubwa alilijua hilo, na kwa miaka yote alikuwa amelifuata. Siku ile alivuta kiti.

"Mwanangu," alimwambia yule mama, "mimi ndiye niliyepima. Nikueleze?"

Yule mama hakuinua kichwa, lakini aliitikia kwa shingo.

"Maziwa yako hayana ubaya wowote. Tungemletea ya kwangu, ya muuguzi huyu, ya ng'ombe, ya mbuzi, angeumwa vile vile. Maziwa yote hayo yana sukari iitwayo laktosi, nayo ni sukari mbili zilizoshikana. Zikifika tumboni zinaachana. Moja ni glukosi, mwili unaitumia papo hapo. Ya pili ni galaktosi. Sasa, mimi nina pacha wangu. Tukisimama hapa hutajua yupi ni yeye, yupi ni mimi. Tofauti ni kwamba yeye ni wa kulia, mimi mashoto. Sukari hizi ndivyo zilivyo. Zina kaboni sita kila moja, hidrojeni kumi na mbili, oksijeni sita. Ila katika kaboni ya nne, kitu kilichoangalia chini kwa mmoja kinaangalia juu kwa mwenzake. Basi."

"Basi?" akauliza fundi wa majokofu. Ilikuwa mara ya kwanza kusema.

"Basi, baba. Lakini mwili haupokei kwa kukisia. Ili galaktosi itumike lazima igeuzwe iwe glukosi, na kazi hiyo inapita kwenye vimeng'enya kadhaa, kimoja baada ya kingine. Kwa mtoto wenu kimoja hakifanyi kazi. Ni mnyororo wa mamia ya asidi amino. Ikiwekwa moja isiyo yake mahali nyeti, umbo linakwenda upande. Kwa hiyo galaktosi inafika katikati ya njia, inakwama, inajaa. Inaumiza ini, ndiyo manjano hayo. Inafika kwenye ubongo. Inafika machoni."

"Na hilo kosa limetoka wapi?" mama mkwe akauliza, macho yake yakiwa kwa mkamwana.

"Maelekezo ya kukiunda kimeng'enya mtoto anayapata nakala mbili, moja ya mama, moja ya baba. Ikiwa mbovu moja, nzuri inatosha, wala mtu hajui maisha yake yote. Huyu amepata mbovu zote mbili. Kwa hiyo kila mzazi ametoa moja."

Fundi wa majokofu aliizungusha kofia yake mara mbili tatu.

"Hata mimi."

"Hata wewe, baba. Nusu kwa nusu."

Akamgeukia mama yake. Hakupaza sauti. "Mama, umesikia. Nusu ni yangu. Na mimi sikuiokota barabarani, nimeipata kwako au kwa marehemu baba. Naomba yale maneno yaishe leo."

Mama mkwe akasema kwa sauti ndogo, "Na yule wa kwanza?"

Mama mkubwa anasema hapo ndipo yule mama alipoinua kichwa kwa mara ya kwanza, na macho yale hakuweza kuyakwepa.

"Sijui kwa hakika," alijibu. "Nitatazama kilichoandikwa."

Aliteremka, akalitoa daftari la miaka miwili nyuma kwenye kabati la chuma, akakaa nalo sakafuni. Ukurasa aliupata kwa tarehe. Mtoto wa kiume, siku kumi. Sukari: hakuna. Kipimo: kijiti. Mwandiko ulikuwa umelalia kushoto, wake mwenyewe.

Akakumbuka. Miezi ile mrututu ulikuwa umekwisha stoo. Aliandika maombi mara mbili, hayakujibiwa, naye akajiambia kwamba si kitu, kijiti kipo. Kwa wiki saba hakuchemsha. Mtoto yule alipita katika wiki hizo saba.

Jioni ile alikuja kwetu moja kwa moja kutoka kazini, hajavua hata kitambulisho. Mama aliusimamisha mkono wake kwenye gurudumu la cherehani.

"Una nini?"

Akamweleza. Nilikuwa hapo, napiga pasi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hakuna atakayeligusa daftari hilo. Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

"Utanyamaza?"

"Nimeshindwa hata kumeza chai, wewe unaniuliza kunyamaza."

Asubuhi mkojo mpya ulifika. Aliuchemsha dakika tano kamili, akaongeza dakika moja kwa woga. Buluu ilibaki buluu. Akapanda nayo wodini, neli ikiwa bado ya moto ndani ya kitambaa. Daktari alikuwapo. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaandika maziwa ya soya kwenye fomu kwa herufi kubwa, akapigia mstari mara tatu.

Ugumu ukabaki kwa wale waliokuwa wanamwona mtoto akilia. Alilia njaa siku nzima ile, maana soya ilianza kwa vijiko vidogo tu. Bibi yake ndiye aliyetetereka. "Tumpe kidogo, kidogo tu, aonje." Mama mzazi, aliyekuwa hajasema sentensi nzima tangu jana, akasema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Hatumpi." Na bibi akatii.

Siku ya nne kutapika kulikoma. Siku ya saba weupe wa macho ulianza kurudi. Siku ya kumi na moja uzito ulipanda, na muuguzi akaja mbio kuutangaza maabara kama matokeo ya mpira. Majibu ya maabara kubwa yalipofika, baada ya wiki tatu na siku mbili, yalisema kile walichokwisha kukijua.

Kabla familia haijaruhusiwa kwenda nyumbani, mama mkubwa alipanda na daftari lake kwapani. Aliwaomba wazazi watoke naye kwenye korido, kwenye benchi la mbao. Akalifungua kwenye ukurasa ule, akawaonyesha mstari.

"Huu mwandiko ni wangu. Nilimpima mtoto wenu wa kwanza kwa kijiti peke yake, kwa sababu dawa ilikuwa imekwisha na mimi sikuifuatilia ilivyopaswa. Siwezi kuwaambia kwamba ningeona. Nafikiri ningeona. Mlikuwa na haki ya kulijua hilo kutoka kwangu."

Fundi wa majokofu aliinuka, akaenda mpaka mwisho wa korido, akasimama huko ameelekea ukutani. Mkewe alibaki. Aliuweka mkono wake juu ya mstari ule, akaugusa pole pole kama mtu anayesoma kwa vidole.

"Miaka miwili nimelala na kuamka nikijua ni mimi," alisema. "Nimejiuliza nilikula nini, nilibeba nini, nilimkosea nani. Leo umenipa sababu. Sitakuambia sina hasira, mama. Hasira ninayo. Lakini naomba uniandikie jina la ugonjwa kwenye karatasi, niende nalo kaburini kwake."

Mama mkubwa aliandika. Akampa karatasi ile.

Kwa mkuu wa maabara pia alikwenda, akaripoti mwenyewe. Alipewa barua ya onyo, akaisaini. Chini ya saini yake aliandika ombi kwamba kila mkojo wa mtoto mchanga mwenye manjano au kutapika upimwe kwa njia zote mbili, na kwamba mrututu usikubaliwe kupungua stoo. Mkuu alikuwa amepanga kuzitupa chupa za dawa ya buluu mwezi ule ili apate nafasi ya mashine. Mashine ikawekwa chumba kingine.

Msichana alikua. Ugonjwa wa mtoto wa jicho uliokuwa umeanza kuonekana kama ukungu kwenye macho yake ulififia kwa miezi michache ya soya. Alichelewa kusema, miaka mitatu alikuwa na maneno manane tu, na hadi leo huyatafuta maneno mengine kama mtu anayetafuta funguo ndani ya mkoba. Ugonjwa huu unaacha alama zake hata ukiwahiwa. Lakini anakimbia, anachora, ana fujo, na anajua kusoma neno "maziwa" kwenye pakiti ya biskuti kuliko neno lingine lolote.

Alipokuwa na miaka minne mama yake alipata mimba nyingine. Alikuja maabara mwenyewe kumwambia mama mkubwa, akakaa kwenye stuli ya kuhesabia chembe za damu.

"Nimeogopa, mama."

"Una haki. Katika kila mimba, robo moja ni ya kuogopa. Robo tatu si za kuogopa."

Wakapanga mapema. Mtoto, mvulana, alipozaliwa, damu ilichukuliwa saa ile ile na kupelekwa. Mpaka majibu yarudi angekunywa soya. Mama yake hakukubali maziwa yake yakauke. Kwa siku kumi na tisa alijikamua kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, akayamwaga, akajikamua tena. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akichemsha vikombe, na akiviosha bila kuambiwa.

Siku ya ishirini majibu yalikuja. Mama mkubwa aliyasoma mara mbili akiwa amesimama dirishani, kisha akavaa viatu na kwenda kwao kwa miguu, kilomita mbili na ushee, kwa sababu hakuamini simu kwa jambo lile. Fundi wa majokofu alifungua mlango. Alimwona usoni, akamwita mkewe.

"Kimeng'enya kipo," alisema mama mkubwa. "Kinafanya kazi. Mnyonyeshe."

Yule mama alikaa pale pale kwenye kizingiti cha jikoni, akafungua vifungo. Mtoto aligeuza kichwa huku na huku, akalia kwa hasira, hajui la kufanya, maana alizoea chupa. Bibi yake akakishika kichwa kwa kiganja, akakielekeza. Ilichukua muda. Kisha kilio kikakatika, na nyumba yote ikawa inasikiliza mtoto akimeza.